WASANII WASIO NA MAJINA: Jinsi Watu wa Kawaida Walivyoichora na Kuiimba Teknolojia Kabla ya AI

 

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na ubishi uleule. Mmoja kaposti wimbo uliotengenezwa na AI, sauti kama ya msanii unayemjua kabisa, na chini yake watu wanachinjana. Wengine wanasema sanaa imekufa. Wengine wanasema acheni ushamba, nendeni na wakati. Halafu kuna wale wanaosema hizi programu zinatunyonya na sisi tunachekelea.

Nikajiuliza, hivi sisi tumeanza lini kubishana namna hii? Mimi shule niliishia kidato cha nne, sina digrii ya historia, ila kusoma nasoma na wazee nawauliza. Nilichokuta ni kwamba kila mtambo mpya uliofika huku kwetu, kuanzia garimoshi mpaka simu, kuna watu waliufanyia sanaa. Waliutungia hadithi, waliucheza ngoma, waliuchora ukutani. Na karibu wote majina yao hayapo popote. Leo nawazungumzia hao.

Kuna kitu kimoja nataka ukiangalie tunapokwenda. Watu wetu hawakuwa wanaogopa chuma chenyewe. Swali lao lilikuwa: chuma hiki ni cha nani, na kinachukua nini kutoka kwangu? Twende sawa.

WALIOVIPA VITU MAJINA

Wasanii wa kwanza kabisa ni wale walioangalia kitu ambacho hawajawahi kukiona maishani wakakipa jina likakaa. Mtu aliona gari linatoa moshi, akasema garimoshi, basi. Mtu aliona chuma kinapaa, akakiita ndege, na mpaka leo tunakiita hivyo. Pikipiki ni mlio wake tu. Tingatinga nalo ni mlio wa trekta.

Sasa chukua neno simu. Asili yake ni Kiajemi, maana yake waya. Simu ya kwanza ilikuwa ile ya upepesi wa nyaya, kwa hiyo jina lilikuwa sahihi kabisa. Ilipokuja mawasiliano ya redio yasiyo na nyaya, watu wakasema simu ya upepo. Fikiria hiyo picha, waya wa upepo! Hayo ni mashairi, na aliyeyatunga hakuna anayemjua. Leo tumeshika kitu kisicho na waya hata mmoja mfukoni na bado tunakiita waya.

Kulipa jina jambo geni ni kulizoea. Ukishakiita chuma ndege, kinakuwa kama kiumbe unachokifahamu. Lakini siyo kila mtambo ulizoeleka kirahisi hivyo.

GARI JEKUNDU NA WANYONYA DAMU

Reli ilifika Arusha mwaka 1929. Wajerumani walikuwa wameshaifikisha Moshi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakaimalizia kuja huku. Ni miaka hiyohiyo ya ukoloni ambapo hadithi za mumiani zilisambaa Afrika Mashariki, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Kampala na kwingine.

Kama bibi yako hajakusimulia, hadithi yenyewe iko hivi. Kuna watu wanatembea usiku na gari, mara nyingi jekundu. Wanamkamata mtu anayetembea peke yake, wanampeleka mahali pa siri, wananyonya damu yake, na damu hiyo inakwenda kutengeneza dawa ya wazungu. Sehemu nyingi waliotajwa ni wazimamoto, kwa sababu wao ndio walikuwa na gari jekundu na sare, na moto wenyewe mtaani watu walikuwa hawauoni kila siku. Sasa hawa jamaa kazi yao ni nini hasa?

Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi hizi akaziandikia kitabu kilichotoka mwaka 2000. Unaweza kusema ni ujinga wa watu wa zamani. Lakini zitazame kama sanaa, kama filamu ya kutisha iliyotungwa na mtaa mzima bila mwandishi mmoja. Hadithi ina gari, mabomba, vifaa vya hospitali na wafanyakazi wenye sare. Kila kitu kipya cha mkoloni kimo humo ndani. Na inasema nini? Inasema hivi vitu vizuri vinavyong'aa vinaendeshwa kwa kitu kinachotoka mwilini mwetu.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Mtu analipa kodi ya kichwa, anatolewa kijijini kwenda kufanya kazi shamba la mkonge, anarudi amekonda na mfukoni hana kitu. Damu haikunyonywa kwa bomba, sawa. Lakini hadithi ilikuwa inaongea ukweli wake.

NGOMA YA KUJIFANYA MANOWARI

Wengine hawakuogopa, waliiga. Mwishoni mwa karne ya 19 kwenye pwani ya Kenya ilizaliwa ngoma ya beni. Jina linatokana na bendi. Vijana waliona bendi za jeshi za wazungu, zana za shaba, sare, gwaride, vyeo, wakasema na sisi tunaweza. Beni ikashuka Tanganyika, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi wakaisambaza hadi bara ndani kabisa.

Makundi mawili makubwa yalikuwa Marini na Arinoti. Marini walijifananisha na wanamaji, watu wa meli za kivita. Kila kundi lilikuwa na vyeo vyake, wengine wakijiita Kingi na Kaiza. Yaani wewe ni kuli bandarini Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili ni mkuu wa jeshi la wanamaji na watu wanakupigia saluti.

Terence Ranger, aliyeandika historia ya beni mwaka 1975, anaonyesha kwamba maafisa wa kikoloni walivurugwa akili na hii ngoma. Wengine waliona ni watu wanaiga tu, wanachekesha. Wengine walihisi wanachekwa wao, au kwamba kuna njama humo ndani. Hapo ndipo raha ya sanaa ilipo. Mumiani ilikuwa inasema mtambo wenu unatumaliza. Beni ilikuwa inasema mtambo wenu tumeuelewa, tazama, hata sisi tunaucheza.

SERIKALI NAYO IKAINGIA KWENYE FILAMU

Wakubwa nao hawakukaa kimya. Walitaka kutufundisha namna ya kuvipokea vitu vipya. Mwaka 1935 ulianza mradi mmoja Vugiri, kwenye milima ya Usambara, mkoa wa Tanga, uliokwenda hadi 1937. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu fupi kama 35, wakazizungusha kwa lori lenye mashine ya kuonyeshea, kutoka Tanganyika hadi Kenya, Uganda na kusini zaidi. Mada zilikuwa kilimo, afya, ngozi, kodi, vitu vya kisasa.

Moja ilihusu benki ya akiba ya posta. Jamaa mmoja anafukia hela zake ardhini ndani ya nyumba, mwizi anachukua. Mwenzake kaweka posta, hana wasiwasi.

Umeshaiona hii, si ndiyo? Ni tangazo la kutuma pesa kwa simu! Unayemjua anaficha hela chini ya godoro, zinaibwa au zinaungua, mwenzake anabonyeza simu na maisha yanaendelea. Miaka karibu 75 imepita kati ya ile filamu na siku huduma za pesa kwa simu zilipoingia Tanzania mwaka 2008, na stori ni ileile. Asiyeamini mtambo ni mshamba, anayeamini ni mjanja.

Walioandika kitabu cha mradi ule, Notcutt na Latham, majina yao unayapata kirahisi. Waigizaji walikuwa watu wa huku huku. Yule aliyefukia hela mbele ya kamera aliitwa nani? Alilipwa? Aliiona filamu yake mwenyewe? Tunaijua sura, basi.

Huku kwetu chini ya Mlima Meru mambo hayakuwa tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Howard Hawks alikuja na John Wayne kupiga filamu ya Hatari!, iliyotoka 1962. Sehemu ya kazi ilifanyika Momella, na wazee wa upande ule bado wanaitaja. Ni filamu tamu, sikatai. Lakini itazame tena leo ukiangalia usukani. Wakati wa kukimbiza faru na twiga, wanaotawala magari ni wageni. Wenyeji wamepanda nyuma, au wanacheza ngoma wakimpa mama wa kizungu jina la Mama Tembo. Mashine ni ya mgeni, ngoma ni ya mwenyeji. Picha hiyo imeganda kwenye vichwa vya watu wengi duniani mpaka leo.

MAKOPO YA FILAMU MASIKIONI

Ila watu wenyewe hawakuganda. Wamasai na Waarusha waliyachukua makopo madogo ya plastiki ya filamu za kamera wakayavaa kwenye matundu ya masikio. Mtalii anapiga picha, anatupa kopo, Mmasai analigeuza pambo, halafu mtalii mwingine anakuja kumpiga picha akiwa amelivaa! Matairi yaliyochakaa yakawa viatu. Hakuna aliyetoa tamko wala kufanya maonyesho. Taka ya mashine imekuwa urembo, na aliyeanza hakuna anayemtaja.

Akina mama nao walikuwa na kanga. Pembeni mwa wanyama na maua, zilichapwa kanga zenye ndege, magari, saa, taa. Kitambaa kinakwambia zama mpya zimefika, na jina linakwambia usijisahau. Angalia kwenye pindo la kanga: jina la kiwanda au la mfanyabiashara lipo. La mchoraji hakuna.

Na usisahau Arusha tulikuwa tunaunganisha redio wenyewe. Kituo cha Philips unachoshukia kila siku ukitokea mjini kwenda upande wa Moshi, jina limetokana na kiwanda cha redio. Kuna watu wa mji huu mikono yao ilifunga redio zilizowapelekea watu dansi na taarifa ya habari nchi nzima. Leo Philips ni neno la kondakta tu, "Philips shuka!"

Televisheni ndiyo ilichelewa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, bara tukakaa hadi 1994 kwa sababu serikali iliiona ni anasa. Ndipo vibanda umiza vikatawala mitaa. Pale palikuwa na msanii mwingine, yule jamaa wa kutafsiri, anaongea juu ya filamu ya Kihindi au ya Kichina, anawapa mashujaa majina ya mtaani, anaongeza utani wake. Wachache kama Lufufu wa Dar walijulikana. Wengine tuliwajua kwa sauti tu.

UKUTA UNA KOMPYUTA, DARASANI HAKUNA

Sasa tuje kwenye mtu wangu. Mtaani kwetu kuna mzee mmoja mchora mabango, simtaji kwa sababu hajaniruhusu. Simu za mkononi zilipoanza kuenea, alichora simu kubwa yenye antena kwenye mlango wa fundi simu. Yeye mwenyewe wakati ule simu alikuwa hana. Alichora kwa kukisia kutoka kwenye gazeti. Ile simu ilikuwa na vitufe vingi kuliko kawaida, watu walikuwa wanacheka, ila walikuwa wanaisimamia mbele wapigwe picha.

Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Bango linatoka siku hiyohiyo, lina picha halisi, halikosei herufi. Kazi ikapungua, vinyozi wakahama, maduka yakahama. Mtambo aliousifia kwa brashi yake ndio, pamoja na kompyuta na printa, ukamwondoa mezani.

Siku hizi anachora kuta za shule za chekechea. Tembo, herufi, namba, na karibu kila shule inataka kompyuta ukutani. Nikamsindikiza siku moja kwenye shule moja nje kidogo ya mji. Akachora kompyuta safi sana, na skrini, na kipanya. Nikaingia darasani, hamna kompyuta hata moja. Hata umeme haujafika.

Mimi naona ile ndiyo picha ya ukweli zaidi kuhusu sisi na teknolojia kuliko makala zote nilizosoma. Mzazi akipita pale anaona mtoto wake atafika. Mtoto anagusa skrini ya rangi. Mchoraji anapaka matumaini ya kitu kilichochukua kazi yake. Na pale chini kwenye kona hajaandika jina.

Linganisha na picha za kuuzia watalii pale mjini. Nyingi Mmasai ana mkuki, ana ng'ombe, jua linazama. Simu hana. Ukitoka nje ya duka unamkuta Mmasai halisi kashika simu anaulizia bei ya mbuzi. Mnunuzi hataki kuiona hiyo simu, basi inafutwa kabla haijachorwa. X Plastaz wa hapahapa A-Town walipotoa Maasai Hip Hop mwaka 2004, walifanya kinyume chake, wakaweka uimbaji wa Kimasai na mashine ya biti kwenye wimbo mmoja. Hawakumwomba mtu ruhusa ya kuwa wa kale na wa leo kwa pamoja.

TURUDI KWENYE AI

Januari 2023 jarida la Time lilitoa habari kwamba kuna wafanyakazi Nairobi, wa kampuni ya Sama, waliokuwa wakisoma na kuchambua maandishi machafu ya kutisha ili mfumo wa OpenAI ujifunze kuyaepuka. Malipo yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Baadhi walisema kazi ile iliwaumiza akili.

Ukiisoma habari hiyo baada ya kujua hadithi ya mumiani, unashtuka. Mtambo unaong'aa upo mbali huko, unaongea vizuri, una adabu. Na ndani yake kuna kitu kilichotolewa kwa watu wa Afrika Mashariki usiku usiku, bila majina. Bibi zetu wangeielewa hii habari kwa dakika moja. Wasingeuliza programu ina uwezo gani. Wangeuliza gari jekundu limepaki wapi.

Kwa hiyo kwenye ule ubishi wa mitandaoni, mimi siko upande wa wanaosema tuzime kila kitu. Waliocheza beni wasingekubali, na wale wa makopo ya filamu wasingekubali. Lakini pia siko upande wa wanaowaita wenye hofu washamba. Hiyo ni stori ya lori la sinema la 1935, wameibadilisha nguo tu. Mtu anayeuliza sauti hii imechukuliwa kwa nani, na huyo mtu amelipwa shilingi ngapi, anauliza swali la zamani sana na la heshima.

Sisi wa leo tuna kitu ambacho wale hawakuwa nacho. Kila mmoja ana kamera mkononi. Kabla ule ukuta haujapakwa rangi upya, kabla lile bango la kinyozi halijang'olewa, upige picha. Halafu tafuta aliyechora, mara nyingi yuko mitaa miwili tu kutoka kwako.

Nawauliza wadau: mtaani kwenu, iwe Ngarenaro, Unga Limited, Sakina, Tengeru au popote ulipo, kuna mchoro gani wa simu, kompyuta, ndege au gari unaukumbuka? Nani aliuchora? Kama yuko hai na anakubali, liandike jina lake hapo chini. Mimi nimeshamuomba yule mzee wangu, amesema atafikiria.